Barua ya wazi kwa mabinti wa gofu: someni kadi kabla ya kusaini

Wajukuu zangu, shikamoo zenu za Jumapili nimezipokea, marahaba, ingawa nusu yenu mlinisalimia mmenuna sababu ya mwenzenu aliyefutwa mashindanoni kisa kadi, ile ya kuandikia mikwaju ya kila shimo. Niliyasikia yote, mara kamati ina roho mbaya, mara aliyepewa kikombe kaiba, nikanyamaza zangu maana saa nane mchana watu wana njaa nani atamsikiliza babu. Naandika hapa wazi ili na wa klabu zingine wasome, jambo hili halina mwenyewe.

Kulikuwa na mwanamama wa Kimarekani anaitwa Betsy Rawls. Kaanza gofu ana miaka 17, kumi na saba jamani, na nyie mnaniambia mmechelewa. Kasoma fizikia na hesabu Chuo Kikuu cha Texas huku anafundishwa gofu na mzee Harvey Penick pale Austin, halafu 1951 akaingia gofu ya kulipwa na mwaka huohuo akabeba US Women's Open, yale mashindano makubwa ya gofu ya wanawake kule Marekani. LPGA yao, chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa, hata miaka miwili haijatimiza, waanzilishi walikuwa wanawake 13 tu, hela kiduchu, wanaendesha magari wenyewe mji hadi mji, kazi za kuendesha mashindano wanagawana wao kwa wao. Mpaka anastaafu 1975 ana ushindi mara 55, nane kati ya hizo ni kwenye mashindano makubwa kabisa, na 1959 peke yake alishinda mara 10. Huyo si mtu wa kubahatisha.

Sasa njooni 1957, klabu ya Winged Foot, jimbo la New York, US Women's Open tena. Rawls kamaliza na mikwaju 299, na gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi, kakaa anasubiri. Nyuma yake anakuja Jackie Pung, mama wa Honolulu, mcheshi, kipenzi cha watu, alipochukua ubingwa wa ridhaa wa Marekani 1952 aliwachezea hula, ngoma ya kwao Hawaii, pale pale. Miaka minne kabla ya hapo walilingana, Rawls akamfunga kwenye raundi ya marudio ya US Women's Open hiyohiyo, kwa hiyo siku hii dunia nzima iko upande wake. Raundi ya mwisho kapiga 72, jumla 298. Kashinda kwa mkwaju mmoja! Watu wanamkumbatia, kelele, machozi, kadi inapelekwa mezani.

Shimo la nne alipiga 6. Kwenye kadi imeandikwa 5. Jumla chini imeandikwa 72, sahihi kabisa, lakini ile 5 ipo na saini yake ipo. Aliyeandika ni Betty Jameson aliyekuwa anacheza naye, na kumbukeni wewe unaandika ya mwenzio na mwenzio anaandika yako, na huyo Jameson naye kadi yake ilikuwa na kosa lilelile shimo lilelile. Wakafutwa wote wawili. Kikombe kwa Rawls na 299 zake.

Hapa ndo mnapokosea mkibishana. Mnasema jumla si ilikuwa sawa? Wanangu, jumla siyo kazi yako, kujumlisha ni kazi ya kamati. Wewe unasaini shimo moja moja. Ukiandikiwa nyingi kuliko ulizopiga inabaki hivyo, unaumia kimyakimya, ukiandikiwa pungufu umetoka. Ni kali, nakubali, na kwa Pung hata mimi roho inaniuma maana US Women's Open hakuipata mpaka anaondoka duniani. Wanachama wa Winged Foot walimchangia palepale, mchango ukapita hata zile dola 1,800 za mshindi. Lakini mwizi yuko wapi hapo? Rawls alifanya nini zaidi ya kupiga mipira yake na kuhesabu yake vizuri?

Tena huyohuyo alipoacha kucheza akawa mkurugenzi wa mashindano wa LPGA, na 1980 akawa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye kamati ya sheria ya US Open ya wanaume. Pung naye hakususa, alifundisha gofu miaka na miaka kule Hawaii. Mimi ningesusa, nawaambia ukweli.

Na kweli nilisusa. Enzi za ukedi, nikiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo, kulikuwa na mashindano yetu makedi, klabu siitaji, zawadi seti ya fimbo zilizotumika lakini nzima. Nikashinda, nikasaini kadi huku nimeshika soda, macho yako kwenye fimbo. Shimo la kumi na mbili nimeandikiwa 4, nilipiga 5, ile moja ya adhabu ya mpira kuingia majini nilishaisahau. Nikafutwa, nikamnunia rafiki yangu aliyeniandikia karibu mwaka mzima, na penseli ilikuwa yake lakini saini ilikuwa yangu.

Wewe binti uliyelia Jumapili, unajijua, mkwaju wako wa shimo la kumi na nane niliuona na ulikuwa mzuri sana, usimnunie mwenzio. Jumamosi njooni mapema wote, nitakuwa kwenye benchi chini ya mwembe, kadi tupu ninazo. Tutacheza mashimo tisa kisha tukae tusomeane shimo kwa shimo kwa sauti, na soda hazifunguliwi mpaka tumalize.