Barua kwa Mama, Kibirizi: Huku Hakuna Anayekusoma Usoni

Lofoten, Norwe
Kumi la mwisho la Ramadhani, Machi 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na Baba na Shangazi, pamoja na jirani zetu wote wa pale mwaloni Kibirizi, Kigoma. Mimi na mkwe wako hatujambo, tunafunga kama mnavyofunga huko, na baridi ndiyo peke yake tunayoweza kuilalamikia kwa pamoja.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umeniuliza kwa nini fedha niliyotuma mwezi wa pili ilikuwa pungufu kuliko nilivyoahidi, na umeniomba nizungumze na mdogo wangu anayetaka kuacha kazi ya ghala kabla hata hajamaliza miezi mitatu. Nimeona niandike, kwa sababu maswali hayo mawili yana jibu linalofanana, na kwa sababu maneno ya kwenye simu mdogo wangu huyasikiliza nusu akaenda zake. Naomba umpe barua hii aisome mwenyewe kwa sauti, na Baba awe amekaa karibu.

Nianze na kazi yenyewe, maana pale nyumbani hakuna atakayeielewa kuliko wewe. Nimeajiriwa katika kiwanda cha samaki kwenye kisiwa kimojawapo cha Lofoten, kaskazini mwa Norwe, ambako kila mwaka kati ya Januari na Aprili samaki mkubwa anayeitwa skrei hushuka kutoka Bahari ya Barents kuja kutaga mayai. Wavuvi wakimleta tunamkata kichwa, tunamtumbua na kumwosha, kisha tunawafunga wawili wawili kwa kamba mkiani na kuwatundika nje kwenye vichanja vya miti vilivyo virefu kupita nyumba, bila chumvi hata punje moja. Upepo na baridi ndivyo vinavyomkausha kwa muda wa miezi mitatu hivi, na kilo 4 hadi 5 za samaki mbichi hubaki kama kilo 1. Walio bora hununuliwa zaidi na Waitaliano. Vichwa, ambavyo nilidhani vinatupwa, navyo hukaushwa vikasafirishwa hadi Nigeria, ambako wanavitia kwenye mchuzi. Nilipoviona vichanja hivyo nilicheka peke yangu, kwamba nimevuka nchi zote hizi kuja kuanika samaki! Tofauti ni kwamba wewe unaogopa mvua na kunguru, na hawa wanaogopa joto linaloleta nzi, pamoja na baridi iliyozidi kiasi, ambayo inaiharibu nyama kabla haijakauka.

Kwa hiyo samaki hawakunipa tabu. Walionipa tabu ni watu, saa na karatasi.

Kwanza ni salamu. Wewe umenilea kwamba mtu akifika kazini bila kuwajulia hali wenzake, huyo ana jambo moyoni. Hapa msimamizi anasema neno moja fupi, anapita, na siku imeanza. Juma la kwanza nilimwendea mzee mmoja kutoka Lithuania, ambaye tunakata naye meza moja, nikamuuliza habari za asubuhi, za nyumbani na za watoto, naye akasimamisha kisu na kuniuliza kama nimepata msiba. Kisha mashine zikishawashwa kila mtu amevaa vizuia kelele masikioni, kwa hiyo hata anayetaka kuzungumza huzungumza kwa mikono. Wakati wa chakula wanakaa nusu saa na mikate yao waliyoifunga nyumbani, wakitazama simu, na nusu saa hiyo haihesabiwi katika malipo. Niliumia sana nikidhani nimechukiwa. Sikuchukiwa, Mama, ndivyo walivyo, na yule mzee wa Kilithuania sasa ndiye rafiki yangu, ingawa maneno tunayoelewana hayajai kiganja.

Ni yeye aliyenifungua macho katika jambo la glovu. Glovu nilizopewa zilikuwa za mwanamume mwenye mikono mipana, maji ya barafu yakawa yanaingia kutokea kwenye vifundo, na kisu kinateleza kwa sababu vidole vyangu havifiki mwisho wa glovu. Kila jioni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, navirudishia uhai kwenye maji ya vuguvugu huku nikiuma meno. Nilikaa nayo hivyo majuma kadhaa. Nilikuwa nikisubiri msimamizi aone, maana anapita nyuma yangu mara nyingi kwa siku, na pale Kibirizi wewe ukimwona binti anapara samaki huku amekunja uso, huhitaji kuambiwa, unamtuma akapumzike. Mzee yule aliponiona navuta glovu kwa meno alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwa msimamizi na kumwonyesha vidole vyangu. Msimamizi alishangaa kwelikweli. Aliniuliza mbona sikusema, na kesho yake asubuhi glovu za kipimo changu zilikuwa mezani. Hakuna aliyekuwa amekusudia kunitesa. Ila huku hakuna anayekusoma usoni, na usilolisema halipo.

Kuna siku nyingine nilikasirika zaidi, na mpaka leo naamini nilikuwa na haki ya kukasirika, walau nusu. Samaki wa meza yetu walikuwa wamekwisha, na wenzetu wa mashine ya kukata vichwa wamezidiwa, makreti yamejaa hadi mlangoni. Nikaenda kuwasaidia, kama ambavyo mtu yeyote mwenye adabu angefanya, kwani kwetu aliyemaliza kuanika zake hushika kichanja cha jirani. Msimamizi alikuja mbio na kuninyooshea kidole nirudi mezani mbele ya watu wote, nami nikarudi nikiwa na donge kooni. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba sheria ya huku hairuhusu mtu kugusa mashine ya hatari kabla hajafundishwa na mafunzo yake kuandikwa, na kwamba wafanyakazi wamechagua mwenzao wa kulinda usalama, ambaye akiona hatari ana mamlaka ya kusimamisha kazi, hata kama mwenye kiwanda hataki. Hilo nililikubali, tena nimelipenda. Ninalolikataa ni kile kidole, kwa sababu maelezo ya dakika mbili yangetosha, na nilimwambia hivyo kwa Kinorwe changu kibovu. Aliniomba radhi papo hapo bila kuzunguka. Sijui bosi wangapi pale Kigoma mjini wangeweza kumwomba radhi mpara samaki.

Sasa nije kwenye fedha. Mshahara niliokutajia ni ule ulioandikwa kwenye mkataba, na mkataba haukusema uongo. Lakini katika nchi hii kila mfanyakazi lazima awe na kadi ya kodi, ambayo siku hizi si kadi ya kushika mkononi, ni maelekezo ambayo mwajiri anayapokea kwa kompyuta kutoka mamlaka ya kodi, yakimwambia amkate mtu huyu kiasi gani. Mwajiri asipoyapata, sheria inamlazimisha kukata asilimia 50. Mgeni haipati kadi hiyo mpaka ajitokeze mwenyewe na pasi yake ya kusafiria kuthibitisha kwamba yeye ndiye, tena kwa miadi, na miadi yangu ilikuja wakati mshahara wa Januari umekwisha kupigiwa hesabu. Kwa hiyo, Mama, nusu ya jasho langu la mwezi wa kwanza ilikwenda serikalini nikiitazama. Kilichozidi hakikupotea, kitarudishwa hesabu za kodi za mwaka zitakapofungwa, lakini hiyo ni mwakani, na nyumbani mnakula leo. Mwezi wa pili kadi ilikuwa imefika na makato yamekuwa ya kawaida, ndiyo maana safari hii utaona tofauti. Naomba Shangazi aelezwe jambo hili taratibu, kwa sababu nimesikia anasema mjini kwamba nimeanza kujenga kwa siri.

Na Baba aliyeuliza kama nitakuja mwezi wa saba, naomba uniombee msamaha kwake. Likizo ninayo kisheria, ila fedha ya likizo huku hutokana na ulichochuma mwaka uliotangulia: mwajiri anaweka akiba isiyopungua asilimia 10.2 ya mapato yako, nawe unalipwa wakati wa likizo ya mwaka unaofuata. Mimi nimeanza Januari mwaka huu, kwa hiyo kiangazi hiki naweza kupumzika lakini mfukoni hakuna kitu. Mwaka 2026, Mungu akijalia, nitakuja nikiwa na nauli yangu halali.

Baada ya mambo ya glovu na kadi nimejifunza kusema mapema. Ramadhani ilipokaribia nilimwendea msimamizi kabla ya mwezi kuandama, nikamwambia kwamba katika zamu ya jioni ningependa mapumziko yangu yaangukie magharibi. Hakujua futari ni nini, lakini alielewa kwamba ninahitaji nusu saa kwa wakati maalumu, akalipokea. Kumbe tabu ilikuwa upande wa jua. Huku mwezi wa Machi siku zinarefuka upesi, magharibi inasogea dakika kadhaa mbele kila jioni, na ratiba niliyomwandikia Jumatatu ilikuwa imekosea ifikapo Ijumaa. Sasa nimembandikia ukutani karatasi ya nyakati za mwezi mzima, naye huja mwenyewe kunigusa bega saa ikifika. Yule mzee wa Kilithuania naye siku hizi hula mkate wake muda huo huo, akaniwekea na tende, sijui amezinunua wapi.

Haya, mdogo wangu, soma hapa polepole.

Mama ameniambia kwamba unafungua ghala saa kumi na mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, kwamba ulipewa kazi kwa maneno matupu, na kwamba magunia ya chumvi ya Uvinza na madumu ya mawese yakipungua unakatwa wewe, hata yakiwa yamepungua kabla hujakabidhiwa. Sikulaumu kwa kukasirika. Lakini ulipoulizwa kama umemwambia tajiri wako lolote kati ya hayo, ulijibu kwamba anajua, maana anaona. Hapo ndipo ninapotofautiana nawe. Inawezekana anaona na amenyamaza kwa sababu umenyamaza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko upande wako kuliko unavyodhani. Inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, saa zako na mshahara wako unapoanza kazi. Saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa juma, na kinachozidi hapo kifanyike kwa makubaliano na kilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo unastahili mapumziko ya saa nzima. Baada ya kuyasoma haya usitoke mbio kwenda kumsomea tajiri vifungu, kwa sababu sheria hiyo hiyo, katika sehemu ya kumlinda mtu asiachishwe kazi bila haki, haimhesabu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Wewe una mitatu kasoro.

Tena mimi huku namwendea msimamizi moja kwa moja kwa sababu ndiyo desturi yao. Kwetu ukifanya hivyo utaonekana huna adabu na hoja yako itafia hapo. Mwombe Baba Mdogo, ambaye anafahamiana na tajiri wako tangu enzi za biashara ya dagaa pale Katonga, akupeleke jioni moja baada ya futari. Uanze na la makabidhiano, si la mshahara: omba kila asubuhi mhesabu mzigo pamoja na nyote wawili mtie sahihi kwenye daftari. Hilo linamfaa hata yeye, hawezi kulikataa kirahisi. Wakati huo huo uwe na daftari lako la nyumbani, uandike kila siku saa uliyoingia na saa uliyotoka. Likishakubaliwa la kwanza, ndipo uombe karatasi ya ajira. Na ikiwa miezi 6 itapita hujapata karatasi wala ziada ya saa, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, na daftari hilo ndilo utakalokwenda nalo. Ukishafanya yote hayo na bado ukataka kuacha, acha, nami nitakuwa upande wako hata Baba akikasirika.

Mama, narudi kwako kumalizia. Fedha ya mwezi huu nimeituma jana kwa njia ya simu. Kwanza umalize deni la duka lililobaki tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka jana, ile miezi mitatu ya kuanzia Mei 15, maana najua bado linakukosesha usingizi ingawa hulisemi. Inayobaki, ununulie wavu na mbao za vichanja, uachane na kuanika mchangani. Wanunuzi wa siku hizi wanatazama mchanga kwenye dagaa kabla hawajatazama bei. Ya futari na sikukuu nimeitenga mbali, itafika kwenye simu ya Baba. Niandikie bei ya wavu kwa mita ilivyo sasa pale sokoni, na unijulishe kama Baba Mdogo amekubali kwenda na mdogo wangu, ili nimpigie kumshukuru kabla ya Idi.

Wasalaam,

Mwanao akupendaye