Tusiandike "ajiua" kabla daktari hajasema

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie vichwa vya habari kama "Mfanyabiashara ajiua kwa risasi", ambavyo sisi wa Moshi huvisoma hata kabla marehemu hajafanyiwa uchunguzi. Nimefanya kazi mochwari mpaka nikastaafu. Nimewasaidia madaktari wengi mezani, na sikumsikia hata mmoja akitamka neno hilo kwa kutazama tundu tu.

Kuna marehemu mmoja simsahau. Alikutwa chumbani kwake, bastola yake ya kibali ikiwa sakafuni, tundu moja kifuani. Ndugu, kwa nia njema kabisa, walimvua, wakamwosha, wakamvika suti, na zile nguo zenye damu wakazichoma migombani. Ndipo wakamleta kwetu.

Daktari alikuta ngozi safi, bila masizi wala vidoadoa vya baruti. Ukiishia hapo utasema kapigwa kutoka mbali, basi kauawa. Lakini marehemu alikuwa kavaa jaketi zito, na nguo hunasa masizi na baruti kabla havijafika mwilini. Daktari akauliza: "Jaketi liko wapi?" Wale ndugu wakatazamana.

Kwa bastola, masizi hufika takriban sentimita 30. Chembe za baruti huenda mbali zaidi, hujichoma kwenye ngozi na hazitoki kwa maji, masizi hutoka. Ili kujua umbali, mtaalamu wa silaha hufyatua silaha ileile, kwa risasi za aina ileile, kwenye kitambaa kutoka umbali mbalimbali, kisha hulinganisha na nguo ya marehemu. Sasa atalinganisha na majivu?

Mikono nayo ina habari zake. Hupimwa chembe zinazotoka silaha inapofyatuliwa, za madini matatu: risasi (ledi), bariamu na antimoni, lakini hata aliyesimama jirani na mfyatuaji anaweza kukutwa nazo, na maji huziondoa. Ndiyo maana mikono ya marehemu hufungwa kwa mifuko ya karatasi. Wengi hukimbilia mifuko ya plastiki; plastiki hutia unyevu na kuharibu ushahidi. Weusi wa damu iliyotuama mgongoni, wakati mtu kakutwa kalala kifudifudi, huonyesha kwamba aligeuzwa baada ya kufa. Na hata umbali ukishajulikana, hautoshi peke yake: muuaji naye anaweza kusogea karibu.

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo tunayo tangu 1980, na kifo chenye utata ni cha koroni, yaani ofisa wa sheria anayechunguza vifo, kukitolea uamuzi. Si cha jirani, wala si cha mwandishi aliyepigiwa simu saa moja asubuhi. Mjane wa marehemu niliyemtaja alizika mumewe kihambani, kwenye shamba la ukoo, huku upande mmoja wa ukoo ukimwita muuaji na upande mwingine ukinong'ona kwamba alimsukuma mwenzake kujiua. Hakuna aliyeweza kumsafisha, na hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo nawaomba, Mhariri, muandike "afariki kwa risasi, uchunguzi unaendelea", na taarifa ya daktari ikitoka muirudie habari hiyo kwa ukubwa uleule. Wenyeviti wa mitaa nao wafunge mlango, wasiguse silaha wala ganda la risasi, wawazuie ndugu kumvua wala kumwosha marehemu mpaka polisi wafike. Na nguo zitunzwe, hata zikiwa zimeloa damu.

Mhudumu mstaafu wa mochwari,
Pasua, Moshi