Barua kwa Salum: jinsi plazima inavyotoroka sumaku

Mpendwa Salum,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, na natumai nawe u mzima.

Umeniuliza: kama sumaku ndiyo inayoishika plazima, ile gesi ya moto mno iliyovunjika kuwa chembe zenye chaji, yaani ioni na elektroni, kwa nini tusiongeze tu nguvu yake, yaishe? Nivumilie nikujibu kwa kirefu, maana swali hilo ndilo kazi yangu.

Kwa hesabu ya migongano peke yake, ukiongeza sumaku mara mbili, uvujaji unapungua mara nne. Lakini miaka ya 1940 mwanafizikia David Bohm na wenzake waliona chembe zikitoka kwa kasi mno kuliko hesabu hiyo, na kanuni aliyoitoa inasema sumaku mara mbili inapunguza uvujaji kwa nusu tu. Kinacholeta tofauti hiyo ni msukosuko. Msongamano wa chembe ukipanda hapa na kushuka pale, uga wa umeme nao unayumba, na uga wa umeme ukikatiza ule wa sumaku, ioni na elektroni zinasukumwa pamoja kuelekea ukutani.

Tunaupimaje? Tunaingiza ukingoni mwa plazima ncha nyembamba za tungsteni, vipimio vya Langmuir, yule mwanasayansi aliyeipa plazima jina lake mwaka 1928. Ncha yenye volteji hasi inakusanya ioni na kutuonyesha msongamano. Nyingine mbili jirani zinatupa uga wa umeme. Kisha tunazidisha mitikisiko hiyo miwili na kutafuta wastani. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote: yote miwili inaweza kutikisika kwa nguvu sana, lakini ikipishana kwa robo ya mzunguko, wastani ni sifuri, hakuna chembe inayotoka. Ikipanda na kushuka pamoja, zinamwagika. Ukubwa wa msukosuko peke yake haukuambii kitu.

Tena hazimwagiki sawasawa. Karibu na ukuta, mchoro wa mkondo wa umeme unaokusanywa na ncha unatulia, unatulia, kisha mwiba unachomoza ghafla na kushuka polepole. Hilo ni bonge la plazima linapita. Plazima haivuji kama mtungi wenye ufa, inatema. Ndiyo maana sipendi kabisa kuona uvujaji wote ukifupishwa kwa namba moja ya usambaaji.

Na msukosuko unafugika. Mwaka 1982, kwenye tokamaki (chombo chenye umbo la bangili kinachoshika plazima kwa sumaku) ya ASDEX huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake waliona plazima ikibadilika ghafla na kuanza kutunza chembe na joto vizuri zaidi. Tunachoelewa sasa ni kwamba tabaka jirani za ukingoni hutiririka kwa kasi tofauti, zikakata vizingia, yaani mizunguko midogo, vya msukosuko kabla havijakua.

Sasa nina ombi. Wewe mtu wa takwimu, nitakutumia rekodi za mkondo. Mgawanyo wake una mkia mrefu upande mmoja, nami nataka kujua miiba hiyo inakuja kwa bahati tu, au mmoja unauvuta mwingine. Ukipata nafasi, anza na zile za karibu na ukuta.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Neema