Hawa vijana wapewe na cha kupimia vumbi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye barua za wasomaji, hili jambo limenikaa moyoni toka mwezi wa kumi na moja.

Mwanangu anasoma sekondari hapa Mtwara, yeye na wenzake na mwalimu wao wa fizikia wametengeneza kidude cha kupima hewa. Ni kopo la Blue Band limetobolewa matundu, ndani wameweka sensa ya gesi (sio ile sensa ya kuhesabu watu, hii ni kifaa kidogo kinachohisi gesi hewani) na kioo kidogo cha kuonyesha namba, umeme wanachukua kwenye pawabenki. Wamezunguka nacho stendi, sokoni, wamekaa nacho barabarani Mikindani malori yanapita, kila baada ya dakika kumi wanaandika kwenye daftari.

Jioni moja akaja nacho nyumbani akakitundika kwenye msumari pale uani ninapokaangia korosho. Mhariri, namba zilipanda kuliko za barabarani! Nilikuwa nachochea na maganda ya korosho, wengi tunafanya hivyo maana kuni bei juu, na ule moshi unavyokereketa koo tunaujua wote ila tumeshauzoea, unajifuta macho na kanga kazi inaendelea. Siku hiyo nilikuwa na mtoto mgongoni, miaka miwili. Toka hapo maganda sichomi tena.

Najua hiyo sensa ni ya bei rahisi, na wenyewe wamenieleza vizuri tu kwamba ndani inajipasha moto, ikiwa mpya lazima uiache iwake siku nzima la sivyo namba zinadanganya, na haikwambii ni gesi gani, moshi inapanda, pafyumu inapanda, na huu unyevu wa pwani nao unaichanganya. Lakini kujua hapa pabaya kuliko pale inatosha, mimi ilinitosha.

Kinachoniuma ni vumbi, maana sensa ya gesi vumbi haioni kabisa na huku kwetu vumbi ndio lenyewe. Makaa ya mawe yanatoka Ruvuma kwa malori kuja kupakiwa melini, halafu ikifika mwezi wa sita mikorosho inapigwa salfa, ile dawa ya unga, dada yangu yuko Nanyamba anasema akiinua kawa asubuhi anakuta ungaunga wa njano juu yake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilisema vumbi lile jembamba kabisa linaloingia mpaka ndani ya mapafu lisizidi maikrogramu 15 kwenye mita moja ya ujazo kwa siku. Sisi tuna ngapi? Sensa za vumbi zipo, zinatumia mwanga wa leza, na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Makerere kule Kampala wanapima vumbi toka 2015, vifaa vyao vingine wamefunga mpaka kwenye bodaboda.

Daftari la watoto nililipeleka ofisi moja hapa mjini nikajibiwa hayo ni mambo ya wanafunzi, nikaondoka nalo. Naomba wenye mamlaka walipokee, wawatafutie vijana hiyo sensa ya vumbi na wawakopeshe hata wiki moja mashine ya uhakika wakae nayo pamoja walinganishe namba, halafu zisomwe kwenye mkutano wa mtaa sote tusikie. Salfa inaanza mwezi wa sita, ningependa wawe nayo kabla ya hapo.

Mzazi,
Mtwara