Jumamosi ni zamu ya vifungo
Wapendwa, Jumamosi kila mtu aje na kopo lake la vifungo (vya nguo jamani, si vya jela!). Mimi naleta vile vya kombe, vilivyokatwa kwenye magamba ya kome wa mtoni. Mji wa Muscatine, jimbo la Iowa, Marekani, ulitengeneza takriban bilioni 1.5 vya aina hiyo mwaka 1905, na magamba yenye matundu bado huokotwa kando ya Mto Mississippi. Kuvitambua ni rahisi: gusisha shavuni. Kombe ni baridi, plastiki si baridi hivyo. Vya seluloidi (plastiki ya zamani) msivifungie kopo moja na vya chuma, mvuke wake hula chuma. Vya mbao msiviloweke. Vyangu vililala majini usiku kucha, vikapasuka. Sindano na uzi ninavyo.