Fildi ianze mwaka wa kwanza

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni mzazi mmoja aliandika katika safu hii akisikitika kwamba bintiye, aliyepata nafasi katika chuo kikubwa cha jijini, ameacha udaktari akachagua afya ya jamii. Alitaka kujua binti huyo akimaliza atamtibu nani.

Swali lake silibezi. Mimi niko mwaka wa tatu katika masomo hayohayo, na miaka miwili ya mwanzo nami nisingeweza kumjibu. Nilijua kukokotoa kiwango cha visa vipya na kukitenganisha na idadi ya watu ambao tayari wanaumwa. Tafsiri ya afya iliyomo katika katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, niliikariri mpaka nukta. Lakini yote hayo niliyapata ukumbini, na humo mtu akichelewa dakika 10 anakaa kwenye ngazi na kumsikiliza mhadhiri kupitia spika inayokoroma. Nje ya geti kuna jiji zima: mitaro, vyumba wanavyolala watu sita sita, moshi wa magari, foleni za zahanati. Tulikuwa tunapita katikati ya somo letu kila asubuhi tukiwahi kipindi.

Kila anayesoma fani hii husimuliwa habari za John Snow, daktari wa London ambaye mwaka 1854 alichora vifo vya kipindupindu kwenye ramani na kuona vimelizunguka bomba la maji la kupampu kwa mkono la mtaa wa Broad Street. Kwetu kisa hicho kilichukua kama dakika tano, ikabaki picha ya ramani na mpini wa bomba uliong'olewa ili watu wasiteke maji. Nilipokisoma mwenyewe baadaye ndipo nikaona kilichorukwa. Snow alibisha hodi. Aliuliza kwa nini wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilicho jirani na bomba lile hawakuugua, akaambiwa wanakunywa bia na wana kisima chao. Aliuliza kwa nini mjane mmoja wa Hampstead, mbali kabisa na pale, alikufa, akaambiwa alikuwa akiletewa maji ya bomba lile kwa sababu aliipenda ladha yake. Kisha kuna Henry Whitehead, kasisi wa eneo hilo, aliyeanza uchunguzi wake akitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Yeye si daktari, ila milango ya waumini wake aliijua, akarudi kwenye nyumba hizohizo mara kwa mara. Ndiye aliyempata mtoto mchanga mgonjwa ambaye maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa kwenye shimo la maji machafu lililokuwa karibu na kisima cha bomba. Hata mpini ulipong'olewa, tarehe 8 Septemba, mlipuko ulikuwa umeshaanza kupungua, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Robert Koch, mwanasayansi wa Ujerumani, alikuja kumtambua kimelea wa kipindupindu karibu miaka 30 baadaye. Snow na Whitehead walitegemea miguu na maswali, na sisi tunawasoma tukiwa tumekaa.

Fildi yetu, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, ilikuja mwishoni mwa mwaka wa pili, wiki mbili tu. Dodoso letu lilikuwa na swali kama mtu hunawa mikono kwa sabuni atokapo chooni. Siku ya kwanza kaya zote tulizofika zilijibu ndiyo. Tukarudi chuoni tunachekelea. Msimamizi wetu akasoma karatasi moja moja, akatuuliza kama kuna aliyeomba kuonyeshwa pahali pa kunawia. Hakuna. Kesho yake tuliomba. Mama mmoja, mkarimu kweli, alitupeleka nyuma ya nyumba: kidumu kilikuwa kikavu, na sabuni juu ya tofali ilikuwa imepasuka nyufa, buibui ametanda utando kutoka kwenye sabuni hadi ukutani. Hakuwa ametudanganya kwa ubaya. Alitupa jibu ambalo mtu mstaarabu humpa mgeni mwenye kalamu. Maji ya bomba, akatueleza, hutoka usiku wa manane, siku mbili kwa wiki.

Nilijifunza mengi pale nyuma ya nyumba kuliko katika muhula mzima wa somo la mbinu za utafiti. Na swali la maji ya usiku wa manane halikuwa letu tena, lilikuwa la mhandisi. Hapa ndipo chuo kikubwa kinaponiudhi zaidi. Wahandisi wa maji wanasoma jengo la tatu kutoka letu. Kuna wanasheria, wachumi, wapanga miji, na madaktari wenye hospitali yao ya kufundishia, wote ndani ya uzio mmoja. Chuo kidogo cha pembezoni kingelia kuwapata. Sisi tunakutana nao kwenye foleni ya chakula.

Wapo wahadhiri wanaosema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kitu, atawasumbua watu. Kuna ukweli. Kuingia nyumba za watu kunataka ridhaa yao na kibali cha kamati ya maadili, na kibali huchelewa. Lakini kutazama mtaro hakuhitaji kamati. Wala kuhesabu ni wangapi wamepanga foleni ya chanjo saa mbili asubuhi. Tumefundishwa kwamba kuzuia surua kunataka karibu asilimia 95 ya watoto wawe wamepata dozi 2. Sawa. Jiji linaweza kufika hapo kwa wastani na bado kukawa na mtaa mmoja wenye watoto wengi ambao hawajachanjwa, na surua ikaupata mtaa huo bila kujali wastani. Mtaa wa namna hiyo humwonyeshi mtu kwa spika.

Ninachoomba wakuu wa idara ni hiki: kila kundi la wanafunzi kumi lipewe mtaa mmoja tangu muhula wa kwanza, likae nao mpaka linahitimu, liwe na mwanafunzi mmoja au wawili wa uhandisi, na matokeo yasomwe kwa wakazi kabla ya kusomwa kwa watahini. Alama zitolewe kwa hilo la mwisho pia, maana kisicho na alama chuoni hakifanyiki.

Yule mama alituuliza tukiaga kama tutarudi na majibu. Tukasema ndiyo, tena kwa uhakika, kama yeye alivyotujibu kuhusu sabuni. Muhula ukaisha wiki iliyofuata, alama zikaingizwa, madodoso yakafungwa kwenye boksi. Boksi liko juu ya kabati la ofisi ya idara. Nililiona tena juzi nilipopeleka fomu.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, afya ya jamii