Majina, mwanangu, majina

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Nimefurahi mno kusikia kazini wamekupangia kupiga picha hafla yako ya kwanza Jumamosi. Lakini umeandika kwamba ni "kasherehe tu ka wakubwa", na hilo limeniuma. Nimepiga picha za harusi, karamu za hisani na ufunguzi wa maonyesho miaka mingi. Kila mara palikuwa na mtu aliyeisubiri siku ile kwa hamu, na mara nyingi si yule aliyekaa meza kuu.

Ya kamera unanishinda. Sisi tulikuwa na mkanda wa picha 36, hubonyezi ovyo. Flashi ielekeze darini, kama dari ni jeupe na si refu, nuru iwashukie watu taratibu. Anayetafuna mwache amalize. Mengine utayaona mwenyewe.

Ninachotaka kukuambia ni habari ya majina.

Usiku mmoja niliwapanga watu wanne kwa picha ya gazeti. Watatu walikuwa watu wanaojulikana, nikaandika majina yao kutoka kushoto. Wa nne alikuwa mzee mwembamba, amesimama mwisho kulia, ameishika tai yake kwa vidole viwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Itatoka kesho?" Nikamwambia itatoka. Kalamu ninayo mkononi, daftari liko wazi. Mara nikamwona mgeni rasmi anaelekea mlangoni, nikamkimbilia.

Ofisini mhariri akahesabu: vichwa vinne, majina matatu, na mtambo wa kuchapa unasubiri. Akachukua kalamu nyekundu ya nta, akapiga mstari wima. Asubuhi gazeti likatoka na watu watatu. Ukiitazama sana picha ile, upande wa kulia kumebaki kipande cha mkono wa koti.

Yule mzee alikuja mapokezi, gazeti amelikunja vizuri. Hakugomba. Aliuliza tu kama kuna toleo jingine la siku ile. Mimi nilikuwa chumba cha giza, filamu ziko wazi mikononi, mlango haufunguki. Nilipotoka alikwisha kwenda, na wa mapokezi naye hakumwuliza jina. Sikumlaumu mhariri wala yeye. Mimi ndiye niliyesimama na mzee yule uso kwa uso.

Kwa hiyo Jumamosi, kila anayeingia kwenye picha yako mwulize jina, akutajie herufi kwa herufi, awe mwenye shughuli au mhudumu aliyepita na sinia. Uliza kabla hujageuka.

Nilichapa picha nzima, wote wanne, nikaiacha mapokezi ndani ya bahasha. Ilikaa pale mpaka bahasha ikawa ya manjano. Nimeiweka humu pamoja na barua. Nyuma nimeandika majina matatu kutoka kushoto, kisha nimeacha nafasi.

Akupendaye,
Mama